Kutoka Kulea hadi Kusaidia: Sarufi ya Huduma za Nyumbani kwa Watu wenye Ulemavu katika Kiswahili

Ikisiri

Mjadala kuhusu lugha na ulemavu katika Kiswahili umejikita zaidi katika nomino: je, tuseme kilema, mlemavu, au mtu mwenye ulemavu? Makala haya yanadai kuwa nomino ni nusu tu ya suala. Nusu ya pili imo katika vitenzi tunavyovitumia kueleza kazi ya kumhudumia mtu huyo nyumbani kwake: kulea, kutunza, kuuguza, kuhudumia na kusaidia, pamoja na vitenzi vya kutendesha kama vile kulisha na kuogesha. Kwa kulinganisha vitenzi hivyo na mifumo ambamo huduma ya nyumbani hulipiwa kwa fedha za umma, na kwa kuisoma upya nyumba ya Mwalimu Majisifu katika Kidagaa Kimemwozea, makala yanaonesha kwamba uteuzi wa kitenzi huamua nani ni kiima na nani ni yambwa katika maisha ya mtu mwenye ulemavu. Mwishoni, yanapendekeza istilahi ambazo watunga sheria, wafasiri na wahakiki wanaweza kuzizingatia.

1.0 Utangulizi

Mabadiliko ya majina yanayohusu ulemavu katika Kiswahili yanafahamika vyema. Neno kilema, pamoja na jamaa zake kiwete, kipofu, kiziwi na kibyongo, linabeba kiambishi cha ngeli ambayo wanaisimu huihusisha na vitu na udogo. Ni kweli kwamba upatanisho wa kisarufi humrejesha mtu huyo katika ngeli ya viumbe hai, kwa maana husemwa kiziwi amefika wala si kiziwi kimefika. Hata hivyo, wasemaji wengi wamehisi kwamba kiambishi hicho kinadhalilisha. Kwa hiyo tulihama kutoka vilema kwenda walemavu, na kutoka walemavu kwenda watu wenye ulemavu. Sheria za Tanzania zinaakisi safari hiyo. Mwaka 1982 ilitungwa sheria iliyohusu matunzo ya walemavu, ambayo iligawa wajibu wa matunzo hayo kati ya familia, jamaa, serikali na mashirika. Mwaka 2010 ilitungwa Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ambayo jina lake linamtaja mtu kwanza, na neno matunzo limeondoka kichwani. Kwa upande wa Kenya, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inakwenda mbali zaidi: inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Ni nadra kwa katiba kulifanya suala la isimujamii kuwa haki ya raia.

Hata hivyo, mabadiliko haya ya nomino hayakukubaliwa na wote kwa namna moja. Chama cha Viziwi Tanzania, yaani CHAVITA, kimelibakiza jina la viziwi katika utambulisho wake. Viziwi wengi hujiona kuwa jamii yenye lugha yake, na hawaoni haja ya kulikimbia jina lao. Mfano huu unatuonya kwamba heshima haimo katika kiambishi peke yake. Imo pia katika nani anayesema, na katika kile ambacho sentensi inamruhusu mtajwa akitende. Hapo ndipo makala haya yanapoanzia. Tumeshughulika sana na jina la mtu mwenye ulemavu, lakini hatujaihoji vya kutosha sentensi anamowekwa.

2.0 Vitenzi Vitano na Watu Vinaowaumba

Mtu asiyeweza kuamka kitandani, kuoga, kuvaa au kula bila mkono wa mwingine huzungukwa na vitenzi vitano vikuu katika Kiswahili cha leo. Kila kitenzi kina historia yake, na kila kimoja humuumba mtu tofauti.

Kitenzi cha kwanza ni kulea. Kiini chake ni mtoto: tunalea mwana, na mwenye mimba hulea mimba. Ni kweli kwamba matumizi yake yamepanuka, kiasi cha chama kuwa na mlezi wake. Lakini hata hapo, mlezi ndiye mkubwa na kinacholelewa ndicho kidogo. Mtu mwenye umri wa miaka 40 anapoandikiwa mlezi katika fomu, fomu hiyo imemrudisha utotoni bila ya aliyeiandaa kukusudia.

Kitenzi cha pili ni kutunza. Hiki hubeba maana ya kuhifadhi kitu chenye thamani kisipotee wala kuharibika: tunatunza fedha, mazingira na siri. Vilevile kutunza ni kumpa zawadi mchezaji wa ngoma au mwimbaji wa taarabu. Thamani ipo, lakini ni ya kitu kinachohifadhiwa au ya anayetuzwa na mtazamaji. Kinachotunzwa hakiulizwi kinataka kuwekwa wapi.

Cha tatu ni kuuguza. Hiki kinadai kuwepo kwa mgonjwa. Msamiati wa huduma za nyumbani katika Afrika Mashariki ulikua sana wakati wa janga la UKIMWI, hasa mwishoni mwa miaka ya 1990 na katika miaka ya 2000, pale wahudumu wa wagonjwa majumbani walipopata mafunzo na majukumu rasmi. Kazi yao ilikuwa kubwa na ya lazima. Lakini msamiati huo ulipohamishiwa kwa mtu aliyepooza miguu tangu utotoni, ulimfanya mgonjwa mtu asiyeumwa. Mgonjwa hungojewa apone au afe. Mtu mwenye ulemavu hangojei lolote kati ya hayo mawili; anataka kwenda kazini saa mbili asubuhi.

Kitenzi cha nne, kuhudumia, ni cha ofisi na cha hoteli. Kina adabu, lakini ni cha jumla mno: mteja huhudumiwa, na mtoaji wa huduma ndiye mwenye ratiba. Kitenzi cha tano, kusaidia, ni cha kawaida kabisa, na pengine ndiyo sababu hakijatazamwa kwa makini. Upekee wake ni wa kisintaksia: husaidiwi tu, bali husaidiwa kufanya jambo. Kitenzi hiki huacha nafasi ya kitenzi kingine baada yake, na mtendaji wa kitenzi hicho cha pili ni yule anayesaidiwa.

3.0 Kauli ya Kutendesha na Suala la Nani Anakula

Tofauti hiyo hujitokeza waziwazi zaidi tunapoingia katika kazi zenyewe za kila siku. Kiswahili kina utajiri wa kauli ya kutendesha katika uwanja huu: -la huzaa -lisha, -nywa huzaa -nywesha, -vaa huzaa -vika na -visha, -lala huzaa -laza, na -oga limezaa -osha na -ogesha. Tuchukue sentensi zifuatazo:

(1) Msaidizi anamlisha Juma.
(2) Msaidizi anamsaidia Juma kula.
(3) Juma anakula; msaidizi anamshikia kijiko.
(4) Juma amemwajiri msaidizi wa kumshikia kijiko.

Tukio linaweza kuwa lilelile katika sentensi zote nne: mkono mmoja unainua kijiko na mdomo mwingine unapokea. Lakini katika sentensi ya (1) kitendo kikuu ni cha msaidizi, na Juma ni yambwa ambayo ulaji wake umesababishwa na mwingine. Katika sentensi ya (2), kula kumebaki kuwa kwa Juma. Katika sentensi ya (3), Juma ni kiima cha kishazi cha kwanza na mtendewa katika cha pili: kauli ya kutendea inaeleza kwamba kijiko kimeshikwa kwa faida yake. Katika sentensi ya (4), kazi yote imetokana na uamuzi wa Juma, na msaidizi ameingia katika sentensi kwa sababu Juma alimwita.

Hatudai kwamba kauli ya kutendesha ni tusi. Baba hulisha familia na husifiwa. Bibi na bwana harusi hulishana keki mbele ya wageni, wala hakuna anayeona fedheha. Lakini mfano wa harusi unafundisha jambo: kinachoiondoa fedheha ni kauli ya kutendana. Kila mmoja ni mlishaji na mlishwaji. Tatizo huanza pale mtu mmoja anapokuwa kiima daima, na mwingine yambwa daima, mwaka hadi mwaka, ndani ya nyumba moja.

Tatizo hilo huongezeka maana ya kitenzi inapopanuka kuelekea vitu. -Osha na -ogesha yana asili moja, lakini leo tunaosha vyombo, tunaosha gari na tunaosha maiti, ilhali mtu hai huogeshwa au huoga. Katika mazungumzo ya Waswahili walioko ughaibuni, kazi ya kuwahudumia wazee na watu wenye ulemavu mara nyingi huwekwa katika kapu moja na kubeba boksi, na husimuliwa kwa mzaha kwamba mtu yuko huko anaosha wazee. Mzaha huo unamdhihaki mfanyakazi aliyekwenda kutafuta riziki, lakini kwa kitenzi kilekile unamgeuza anayehudumiwa kuwa chombo. Dharau ya kazi na dharau ya mtu zimekaa katika neno moja.

4.0 Sarufi ya Mwajiri: Mfano wa California

Ili kuonesha kwamba suala hili halikomei katika adabu ya maneno, ni vyema kuutazama mfumo mmoja ambamo mpangilio wa kiima na yambwa umeandikwa katika sheria na kulipiwa kwa kodi. Katika jimbo la California, Marekani, programu ya umma ya huduma za kusaidia watu nyumbani ilianza mwaka 1973. Fedha zake hutoka serikali kuu, jimbo na wilaya. Inawahusu wazee, wasioona na watu wenye ulemavu wenye kipato kidogo ambao bila msaada wangelazimika kuishi katika taasisi. Afisa ustawi wa jamii humtembelea mhusika nyumbani, hupima mahitaji yake kazi kwa kazi, kisha humpangia saa, ambazo haziwezi kuzidi 283 kwa mwezi.

Jambo linalotuhusu kiisimu ni hili: anayepata huduma ndiye anayemteua msaidizi, ndiye anayemwelekeza, na ndiye anayeweza kumwachisha kazi. Serikali hulipa mshahara. Wengi wa wasaidizi hao ni jamaa, wakiwamo wazazi na watoto. Hivyo, mama anayemwogesha mwanawe mtu mzima hulipwa na umma, na mwanawe ndiye mwenye usimamizi wa kazi hiyo. Kwa sarufi tuliyoieleza, mfumo huu umejengwa juu ya sentensi ya (4).

Sentensi hiyo haikuzuka yenyewe. Mwaka 1972, katika mji wa Berkeley, Ed Roberts na wenzake walianzisha kituo cha kuishi kwa kujitegemea. Roberts, aliyekuwa amepooza kwa polio na akitumia mashine ya kupumulia, pamoja na wenzake walisisitiza kwamba kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako. Ni kuamua nani afanye, lini na vipi. Fikra hiyo ndiyo iliyokuja kuingia katika ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Ibara hiyo inataja msaada wa mtu binafsi miongoni mwa huduma zinazomwezesha mtu kuishi katika jamii.

Mfumo wa California haufai kutukuzwa. Kugawa maisha ya mtu katika dakika za kuoga na dakika za kuvaa kuna udhalilishaji wake: mtu huachiliwa kutoka katika kauli ya kutendesha na kukabidhiwa saa ya ukutani. Aidha, sarufi ya mwajiri ilimficha kwa muda mrefu mtu wa pili. Ikiwa mwenye ulemavu ndiye msimamizi na serikali ndiyo mlipaji, msaidizi alikuwa akidai haki zake kwa nani? Ilichukua hadi mwaka 1999 kwa wasaidizi wapatao 74,000 wa wilaya ya Los Angeles kupiga kura ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Kwa hiyo, uhakiki makini wa lugha ya huduma hauwezi kumkomboa kiima mmoja kwa kumfuta mwingine.

Tulinganishe na Kenya. Tangu mwaka 2011 serikali imekuwa ikitoa ruzuku kwa kaya zenye watu wenye ulemavu mkubwa, ambayo sasa imo chini ya mpango wa Inua Jamii, kwa kiwango cha shilingi 2,000 kwa mwezi. Mlengwa hufafanuliwa kuwa mtu anayehitaji uangalizi wa kudumu wa mwingine, na mara nyingi mwingine huyo, aitwaye mlezi, ndiye anayekwenda kupokea fedha kwa niaba yake. Hii ni hatua ya kweli. Ni kukiri kwa serikali kwamba kilicho chumbani ni jambo la umma. Lakini tuisome sentensi yake. Fedha zinaitwa ruzuku, si ujira. Anayezipokea anaitwa mlezi, si mfanyakazi. Na mwenye ulemavu ni mlengwa, neno la kauli ya kutendwa, linalotokana na kulenga. Kati ya watu wote watatu, hakuna aliyeajiri na hakuna aliyeajiriwa. Kazi ipo mchana na usiku, lakini lugha haina nomino ya kuitaja kuwa ni kazi.

5.0 Nyumba ya Mwalimu Majisifu

Je, fasihi ya Kiswahili imeiona kazi hiyo? Katika Kichwamaji (1974), Euphrase Kezilahabi anamleta mtoto wa Kazimoto na Sabina duniani akiwa na kichwa kikubwa kupita kiasi, kisha mtoto huyo hufa. Wahakiki wamemsoma kama ishara ya kizazi kilichokata tamaa. Usomaji huo ni sahihi, lakini una gharama: mtoto akishakuwa ishara, hahitaji wa kumwogesha. Kifo chake kinaiokoa riwaya isilazimike kuuliza angeishi vipi.

Ken Walibora katika Kidagaa Kimemwozea (2012) hakuikwepa njia hiyo ngumu. Watoto wenye ulemavu wa Mwalimu Majisifu na Dora wanaishi, wanakula, wanachafuka, na lazima mtu awahudumie. Baba ni mlevi anayewaonea haya, mama amelemewa. Anayeingia katika pengo hilo ni Imani, msichana aliyeajiriwa kuwa mtumishi wa nyumbani. Uhakiki wa shuleni, ambao umeisoma riwaya hii kwa wingi kwa kuwa iliteuliwa kutahiniwa katika shule za sekondari Kenya, humsifu Imani kwa utu, upole na uvumilivu. Tunapendekeza kwamba sifa hizo zisomwe pamoja na jambo la pili linalotokea katika nyumba hiyohiyo.

Jambo hilo ni wizi wa mswada. Majisifu amejipatia jina la mwandishi kwa kuchapisha kwa jina lake kazi aliyoiandika Amani. Msomaji anakasirika, na riwaya inamtaka akasirike. Lakini nyumba ya Majisifu imesimama juu ya kazi mbili za watu wengine: kalamu ya Amani inayompa heshima ya hadharani, na mikono ya Imani inayoficha aibu yake ya faraghani. Kazi ya kwanza ikichukuliwa bila kutajwa mwenyewe tunaiita wizi. Kazi ya pili ikichukuliwa chini ya thamani yake tunaiita wema wa Imani. Tofauti hiyo ya majina haitokani na riwaya peke yake. Inatokana na lugha yetu, ambayo ina neno la kumtaja anayeporwa maandishi, lakini humshukuru tu anayeporwa utunzaji.

Wakati huohuo, tukumbuke ni nani ambaye hata uhakiki huu ungeweza kumsahau. Watoto wa Majisifu wanahudumiwa na kuonewa haya na wengine, na riwaya haiwapi nafasi kubwa ya kuwa viima vya vitendo vyao wenyewe. Hapa fasihi ya kale inaweza kutusahihisha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa karibu mwaka 1858, kwa kawaida husomwa kama mwongozo wa mke kumhudumia mume. Lakini mtunzi wake, Mwana Kupona binti Msham, aliutunga akiwa mgonjwa, akimwita bintiye aje akae karibu naye. Mtu aliye kitandani ndiye anayesema, anayeagiza na anayetunga. Hatulazimiki kukubaliana na anachokiagiza ili kuuona mpangilio huo: mwili unaohitaji wengine haukumnyang'anya mwenyewe nafasi ya kiima.

6.0 Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza ni kwamba sarufi ya mwajiri ni ya kigeni, na kwamba katika jamii zetu ndugu hamlipi ndugu wala mama hamsimamiwi na mwanawe. Pingamizi hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili. Undugu haukuwahi kuifanya kazi iwe bila gharama. Uliamua tu nani ailipe, na mara nyingi aliyelipa alikuwa binti aliyeachishwa shule au mke aliyeacha biashara yake. Zaidi ya hayo, hoja ya kuilipia kazi hii kwa fedha za wote tunayo katika methali inayojulikana na kila mtu: hujafa hujaumbika. Kwa kawaida methali hii hutumiwa kumwonya anayecheka ulemavu wa mwenzake, na kwa hiyo huishia katika hofu au huruma. Lakini tazama kitenzi chake. -Umbika, katika kauli ya kutendeka, kinasema kwamba uumbaji wa kila mmoja wetu bado unaendelea, na hakuna aliyekamilika. Ikiwa ni hivyo, basi ulemavu si bahati mbaya ya nyumba moja, bali ni jambo linaloweza kuifika nyumba yoyote. Na jambo la namna hiyo ndilo ambalo watu wenye busara huchangiana mapema kabla halijawafika. Methali hii ni hoja ya kodi kabla ya kuwa hoja ya sadaka.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Sentensi ya (4) inamfaa mtu anayeweza kuajiri. Vipi kuhusu mtu mwenye ulemavu mkubwa wa akili, ambaye hawezi kuhoji mwombaji kazi wala kusaini mkataba? Tukilifanya neno mwajiri kuwa kipimo cha utu, tutakuwa tumewaacha nje wale wanaohitaji huduma kuliko wote. Jibu letu ni kwamba sentensi ya (2) inabaki wazi kwa kila mtu, na inaweza kupanuliwa: kama anavyosaidiwa kula, mtu husaidiwa kuchagua na husaidiwa kuamua. Anayegeuza uso akikataa kijiko ameshasema jambo. Kusaidia ni pamoja na kulisikia. Hii ndiyo sababu tunakitanguliza kitenzi kusaidia kabla ya kuajiri: cha pili kinahitaji uwezo fulani, cha kwanza kinahitaji mtu tu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamedai kwamba mageuzi ya nomino, kutoka kilema hadi mtu mwenye ulemavu, hayatakamilika bila mageuzi ya vitenzi. Mapendekezo yanayofuata ni machache. Kwanza, neno mlezi libakie kwa watoto, na kwa watu wazima litumike msaidizi, hasa katika sheria, fomu na tafsiri rasmi. Pili, katika kueleza kazi za kila siku, kumsaidia kula, kuoga na kuvaa kutangulizwe mbele ya kulisha, kuogesha na kuvisha, pale ambapo mhusika anashiriki kwa namna yoyote. Tatu, kazi hiyo iitwe kazi, na malipo yake yaitwe ujira, hata pale anayeifanya ni mama au ndugu. Nne, wahakiki wa fasihi wanapokutana na mhusika mwenye ulemavu, kabla ya kuuliza anaashiria nini, waulize kwanza nani amemwogesha asubuhi hiyo, na kwa malipo gani.

Hakuna hata pendekezo moja kati ya haya litakaloongeza shilingi katika bajeti. Lakini bajeti nazo huandikwa kwa lugha, na aliyeandikwa kuwa yambwa katika sheria hukaa muda mrefu akingoja kuhesabiwa kuwa mwenye haki. Jukumu la wanaisimu na wahakiki wa Kiswahili ni kuhakikisha kwamba, siku huduma za nyumbani zitakapoandikiwa sheria kamili katika nchi zetu, sentensi zake zitakuwa tayari zinamjua kiima wake.